Paja Langu Lilipoota Mfupa

Siku ya ishirini na mbili baada ya kupigwa goti la pajani, nilishindwa kuvaa soksi.

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, soksi nimeshaipanua mdomo kwa vidole, nikauvuta mguu wa kulia uje. Haukuja. Goti lilikunjika kidogo, likafika mahali likagoma. Wala halikuuma sana. Lilikwama tu, kama mlango uliowekewa kitu kwa nyuma. Nikapeleka mkono pajani kukitafuta hicho kitu. Upande wa mbele, shubiri moja hivi juu ya goti, ndani kabisa ya nyama, nikakutana na donge. Lilikuwa refu kuliko pana, ukubwa wa kama vidole vitatu vilivyounganishwa. Nikalisukuma kushoto, halikwenda. Kulia, halikwenda. Nikaligonga kwa ukucha juu ya ngozi, upuuzi mtupu, lakini vidole vikanipa jibu ambalo akili haikuwa tayari kulipokea: hii si nyama.

Na wiki tatu zote hizo nilikuwa nimelikanda paja hilo kila usiku kabla ya kulala, kwa dawa ya kuchua na nguvu zangu zote, nikiamini natibu.

Ajali yenyewe haina hadithi ya kujivunia. Ilikuwa mechi ya jioni ya watu wazima tunaocheza kwa kujifurahisha. Tukaruka wawili kuufuata mpira mmoja, goti lake likatua katikati ya paja langu. Msuli ulikufa ganzi papo hapo. Nikakaa chini kama dakika mbili, nikalipigapiga paja kwa kiganja, nikarudi uwanjani. Kosa la kwanza lilifanyika hapo, na watu walilipigia makofi. Mwili ukiwa wa moto paja linatii. Nilicheza hadi kipenga cha mwisho. Kulipokucha goti lilikuwa halikunjiki hata kufika pembe mraba, na paja limejaa mpaka suruali inabana.

Hospitali nilikwenda siku ya nne. Wakapiga eksirei, mfupa mzima, hakuna ufa, nikapewa dawa za maumivu na kuambiwa nipumzike. Picha ile safi ilinidanganya vibaya. Nilidhani imesema hakuna tatizo, kumbe ilikuwa imesema hakuna tatizo la mfupa siku hiyo. Kinachoota ndani ya msuli hakionekani kwa eksirei katika siku za mwanzo. Huchukua wiki tatu, nne, hata sita ndipo kivuli chake kianze kutokea. Altrasaundi ingeweza kukiona mapema zaidi, lakini altrasaundi haikuagizwa, nami sikujua kuwa ni kitu cha kuuliza.

Kabla hata ya hapo, jioni ya siku ya pili, alikuja nyumbani mwenzetu mmoja wa timu, mkubwa wetu kwa umri. Sote tunamwita kaka. Mikono yake imewahi kushika vifundo vya miguu vya nusu ya kikosi, na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Akanilaza, akamimina dawa viganjani, akaanza kutafuta kwa dole gumba.

“Damu imevilia hapa,” akasema. “Tusipoivunja leo itaganda, na ikiganda utachechemea mwaka mzima.”

“Inauma, kaka.”

“Lazima iume. Kaza roho.”

Nikakaza. Alikanda kwa kushuka, kutoka nyonga kwenda gotini, na kila alipopita pale katikati nilishika ubao wa kitanda. Alipoondoka paja lilikuwa jekundu na la moto, nami nikaona moto ule ni dalili ya kazi nzuri. Kesho yake nikaendelea mwenyewe. Nikaongeza kitambaa cha maji ya moto. Nikaongeza na zoezi langu la kubuni: kukaa sakafuni na kulilazimisha goti likunje kwa kuuvuta mguu kwa mikono miwili mpaka machozi yalengelenge.

Simlaumu kaka. Alichonifanyia ndicho alichofanyiwa yeye, na kwa sehemu nyingine za mwili, kwa majeraha mengine, pengine mikono yake imesaidia. Lakini paja lililopigwa lina mambo yake. Msuli wa mbele wa paja ni misuli minne iliyopangana, na mmoja wao umelala moja kwa moja juu ya mfupa. Pigo likija, huo ndio unaobanwa kati ya goti la mwenzako na mfupa wako mwenyewe, kama kidole kilichobanwa na mlango. Nyuzi zake zinachanika, damu inavuja na kukaa humo kwenye kina, mahali ambapo dole gumba la mtu haliwezi kuifikia wala kuivunja. Dole gumba linachoweza kufanya ni kuzichana upya nyuzi zilizoanza kushikana, na kuanzisha upya kuvuja. Nilikuwa najijeruhi kila usiku saa tatu.

Kwa nini basi jeraha la nyama liishie kuwa mfupa? Nilipouliza swali hilo mara ya kwanza nilitarajia kuambiwa nina kalsiamu nyingi mwilini, na nilikuwa nimeshajitayarisha kuacha kila kitu chenye kalsiamu. Haikuwa hivyo. Damu yangu ilipimwa, kalsiamu ilikuwa kiwango cha kawaida kabisa, na hivyo ndivyo inavyokuwa kwa wengi wenye tatizo hili. Kilichopanda kidogo ni kimeng’enya kiitwacho fosfatasi ya alkali, ambacho seli zinazojenga mfupa hukitoa zikiwa kazini. Kwa maneno mengine mwili haukuwa umemwaga chokaa mahali pasipofaa kwa sababu imezidi ghalani. Ulikuwa umepeleka mafundi.

Ndani ya msuli kuna seli changa ambazo bado hazijachagua kazi. Jeraha kubwa likiwashwawashwa, uvimbe ukikaa muda mrefu, baadhi yake hupokea ujumbe wa kuwa wajenzi wa mfupa. Kwamba ujumbe huo upo si dhana tu: mwaka 1965 daktari wa mifupa wa Marekani, Marshall Urist, alichapisha matokeo ya kupandikiza vipande vya mfupa vilivyoondolewa madini ndani ya misuli ya wanyama, na mfupa mpya ukaota humohumo ndani ya nyama. Protini zilizobeba amri hiyo zilikuja kutambuliwa baadaye. Kwa hiyo msuli unajua njia ya kuwa mfupa. Kwa kawaida haupiti njia hiyo, basi.

Hapa nataka nisimame kidogo kwenye jina, kwa sababu jina lilinichelewesha. Watu wengi, hata wahudumu, huiita hali hii “chokaa kwenye msuli,” na mimi niliishika hivyo. Nikienda kutafuta maelezo ya chokaa nilikuta mambo ya watu wengine. Kuna chembe za kalsiamu zinazojikusanya kwenye kano za bega na kumfanya mtu ashindwe kuinua mkono. Kuna wagonjwa wa figo ambao kalsiamu na fosfeti zikivurugika kwenye damu huweza kutua kwenye tishu laini. Kuna ugonjwa wa kinga ya mwili unaoshambulia misuli na ngozi pamoja, dematomayositisi, ambao hasa kwa watoto huacha mabonge ya chokaa chini ya ngozi, mengine yanapasuka na kutoa kitu cheupe kama chaki. Yote hayo ni kalsiamu iliyotua, madini matupu yasiyo na umbo. Langu lilikuwa mfupa wenyewe, wenye ganda gumu, vyumba vya ndani, na ukikomaa hata uboho. Madaktari huliita mayositisi osifikansi. Tofauti hiyo si ya maneno, maana matibabu hayafanani: mwenye figo anatibiwa figo, mwenye ugonjwa wa kinga anatibiwa kinga, na mwenye paja lililopigwa anatibiwa, kwa sehemu kubwa, na wakati.

Nikarudi hospitali, nyingine safari hii, siku ya ishirini na sita. Eksirei ya pili ilionyesha wingu. Ndilo neno pekee ninaloweza kulitumia: pembeni ya mfupa wa paja, mweupe na wenye mstari ulionyooka, palikuwa na ukungu usio na mpaka, kana kwamba mtu amepulizia pumzi kwenye kioo. Daktari aliitazama muda mrefu. Akaniuliza umri. Akaniuliza kama nimepungua uzito, kama paja linaniuma usiku. Halafu akasema tungekata kinyama kidogo tukapime, mapema iwezekanavyo, kuondoa wasiwasi wa saratani ya mfupa.

Neno hilo likishatamkwa husikii linalofuata. Nilitoka na karatasi ya rufaa mkononi, na usiku ule nilifanya kile ambacho kila mtu angenishauri nisifanye: nikasoma. Nikasoma kuwa osteosakoma, ndiyo hiyo saratani ya mfupa, hupenda vijana, hupenda eneo la karibu na goti, huanza na donge na maumivu. Kila mstari ulinihusu. Saa nane za usiku nikafika kwenye ugonjwa mwingine kabisa, ule wa kurithi ambao misuli na kano za mtu hugeuka mfupa maisha yake yote mpaka viungo vinafungika. Mmoja wa waliougua, Mmarekani Harry Eastlack, alifariki mwaka 1973, na mifupa yake imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Mütter, Philadelphia, kama alivyoomba mwenyewe, ili watu wajifunze. Mwaka 2006 watafiti walitaja jeni inayohusika, ACVR1. Ugonjwa huo ni adimu mno, na unatangulizwa na ishara moja ambayo mtoto huzaliwa nayo: dole gumba la mguu fupi na lililopinda. Nikawasha taa nikatazama vidole vyangu vya miguu. Vilikuwa vimenyooka. Nacheka nikikumbuka, lakini usiku ule sikucheka. Tena kwa wenye ugonjwa huo, kukata kinyama au hata kudungwa sindano ya msuli huweza kuchochea mfupa mpya uote, kwa hiyo kutazama vidole vya miguu vya mtoto mwenye uvimbe usioeleweka kabla ya kushika kisu si jambo la kuchekesha hata kidogo.

Rufaa ilinipeleka kwa daktari bingwa wa mifupa, mama mmoja mtu mzima aliyezungumza polepole. Hakuanza na picha. Alianza na mechi. Aliniuliza niligongwa wapi, na nini, saa ngapi goti lilianza kukaza, nilifanya nini baada ya hapo. Nilipofika kwenye kukanda alishusha miwani.

“Kwa siku ngapi?”

“Kama ishirini, daktari.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

“Mwanangu,” akasema, “ungelala tu ungekuwa umepona nusu.”

Ndipo akaiweka picha kwenye mwanga. Alinionyesha kwa kifuniko cha kalamu, hakutaka kugusa kwa wino. Kwanza, kati ya ukungu ule na mfupa wa paja palikuwa na uzi mwembamba mweusi, nafasi, kwa hiyo donge halikuwa limetoka kwenye mfupa. Pili, akaniambia nitazame ukingo na kitovu. Mfupa wa jeraha, alisema, hukomaa kuanzia nje kwenda ndani: ukingo unakuwa mgumu na mweupe kwanza, katikati hubaki laini kwa muda. Saratani ya mfupa kwa kawaida hufanya kinyume, katikati ndiko kugumu zaidi na ukingo unachafuka unapoivamia nyama ya jirani. Mpangilio huo wa tabaka ulielezwa na mwanapatholojia, yaani daktari anayechunguza nyama za mwili kwa darubini, Lauren Ackerman mwaka 1958. Ukishauelewa unaiona picha kwa macho mengine.

“Sasa yako bado changa,” akasema. “Ukingo haujajitokeza vizuri. Ndiyo maana sitaki ukatwe leo.”

Hili sikulitegemea. Nilidhani mtu akiwa na wasiwasi wa saratani ndipo apime haraka. Akanieleza kuwa katikati ya donge changa la aina hii seli zinagawanyika kwa kasi na kwa fujo, na kipande kikikatwa kutoka hapo, wiki ya tatu au ya nne, chini ya darubini kinaweza kufanana na saratani kiasi cha kumpotosha hata mwenye uzoefu. Wapo watu waliowahi kupata majibu ya kutisha kwa sababu ya kipande kilichokatwa mahali pabaya kwa wakati mbaya. Kwa hiyo, palipo na historia ya pigo inayoeleweka na picha isiyopingana nayo, kusubiri wiki tatu na kurudia picha huwa ni kipimo chenyewe. Akaongeza MRI, picha ya sumaku inayoonyesha nyama za ndani, kwa usalama, nayo ilionyesha uvimbe mkubwa wa msuli kuzunguka donge, jambo linalotarajiwa. Akanipa na masharti: maumivu yakizidi badala ya kupungua, donge likiendelea kukua, nikianza homa au kupungua uzito, nisingoje tarehe.

Wiki zile tatu ndizo zilizonifundisha maana ya kusubiri kwa mpango. Kukanda, marufuku. Maji ya moto, marufuku kwa wakati ule. Kuvuta mguu kwa nguvu, au mtu mwingine kunivutia, marufuku kabisa; nikaambiwa kiwiko kilichojeruhiwa ndicho kinachoadhibu zaidi kosa hilo, watu hulazimisha mkono unyooke na mfupa unaota mbele ya kiungo. Lakini kulala chali bila kujongea nako hakukuruhusiwa, kwa sababu goti lisilotumika hukakamaa na paja hunyauka upesi ajabu. Nilipimwa kwa utepe mapaja yote mawili: la kulia lilikuwa limepungua sentimita tatu kuliko la kushoto.

Kati ya kulazimisha na kuacha kuna ukanda mwembamba, na mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo, ndiye aliyenifundisha kutembea humo. Kanuni yake ilikuwa moja: misuli yako mwenyewe ndiyo ikunje goti, si mikono, na unasimama pale unapoanza kuhisi kuvutwa, si pale unapoanza kuhisi maumivu. Nililala kifudifudi, nikakunja goti polepole kuelekea tako, nikashikilia, nikashusha. Mara kumi, asubuhi na jioni. Kila asubuhi nilipima kwa rula nafasi kati ya kisigino na tako na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Siku ya kwanza sentimita 41. Wiki moja baadaye 38. Siku moja nikajitia ubingwa, nikazidisha kwa mkono, nikafika 34. Kesho yake paja likavimba na rula ikasoma 40. Karatasi ile ilinikaripia kuliko mtu yeyote.

Nilipewa pia indomethasini, dawa ya kupunguza uvimbe ambayo madaktari wameizoea zaidi kwa wagonjwa waliobadilishiwa nyonga, ili mfupa usiote kwenye misuli ya nyonga baada ya upasuaji. Wengine huko hupigwa mionzi kidogo mara moja kwa lengo hilohilo. Kwa paja lililopigwa ushahidi wake ni mwembamba zaidi, na daktari hakunificha. Tumbo langu halikuipenda. Nilimaliza wiki tatu nikaiacha kwa ruhusa yake. Siwezi kusema ilisaidia wala haikusaidia. Mtu asiichukue kwa kusikia kwangu, maana inaweza kuchubua tumbo mpaka damu itoke, na figo nazo zina neno.

Picha ya wiki ya saba ilikuwa kama mtu amefuta kioo. Ukungu ulikuwa umejikusanya ukawa umbo, na kulizunguka umbo hilo pakawa na mstari mweupe, mwembamba, kamili, kama ganda. Daktari hakusema kitu; alinipa kifuniko cha kalamu nionyeshe mwenyewe. Nikaanzia juu, nikauzungusha ukingo wote mpaka nikarudi nilipoanzia. Wasiwasi wa saratani tukauzika siku hiyo, na kinyama hakikukatwa.

Nikataka litolewe. Hilo nadhani ni la kila mtu: ukishajua si saratani unaliona donge ni uchafu wa kufagia. Akakataa tena. Mfupa unaoendelea kukua ukikatwa, jeraha la kisu ni jeraha jingine, na mafundi walewale bado wapo kazini. Huota tena, pengine mkubwa zaidi. Upasuaji husubiri mpaka mfupa ukomae, mara nyingi miezi sita hadi mwaka na zaidi, na hata hapo hufanywa kwa mtu ambaye bado anaumia, goti haliendi, au donge linabana mshipa wa fahamu. Wengi hawafiki huko. Donge hukomaa, hunywea, na lingine humezwa na mwili kabisa.

Langu lilinywea. Mwezi wa tatu goti lilikunja kufikia sentimita 19, mwezi wa tano kisigino kikagusa tako, na siku hiyo niliiacha rula sakafuni nikaenda kuvaa soksi bila sababu, ya kulia kisha ya kushoto, nikavua, nikavaa tena. Picha ya mwezi wa nane ilionyesha kipande kama ubua, kimelala sambamba na mfupa wa paja. Nikibonyeza sana nakipata bado. Hakiniumi, isipokuwa siku za kukimbia mlima.

Kitu kimoja ndicho kilichobaki kunichoma. Nikiwa katika kusoma kwangu, mchana safari hii, nilikutana na kazi iliyofanywa katika chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1991. Waliwafuatilia vijana 117 waliopigwa mapajani. 11 kati yao, kama asilimia 9, waliota mfupa. Walipotazama nini kinatangulia wakakuta mambo kama goti lisilokunjika kufikia digrii 120, paja lililowahi kujeruhiwa kabla, goti lililojaa maji, na kuchelewa kutibiwa zaidi ya siku tatu. Mimi nilikwenda ya nne. Na matibabu waliyoyasisitiza yalikuwa rahisi kiasi cha kuudhi: mara tu baada ya pigo, goti likunjwe kadiri linavyokwenda bila kulazimishwa, karibu na hizo digrii 120, lifungwe hivyo kwa bandeji ya kunyumbuka, barafu juu. Mwaka 2006 wenzao wa chuo cha wanamaji cha Marekani wakatoa matokeo ya vijana 47 waliofungwa namna hiyo kwa saa 24. Kwa wastani walirudi michezoni ndani ya siku tatu na nusu. Goti likikunjwa, msuli wa mbele unanyooka na kubanwa, damu inakosa nafasi ya kujaa. Bandeji moja. Nilikuwa nayo kwenye begi langu la mpira siku ile, imefungiwa chupa ya maji isimwagike.

Sisemi kila paja lililovimba ni la kufungwa bandeji. Paja likijaa mpaka likawa gumu kama ngoma, maumivu yakazidi kila saa hata ukiwa umelala, mguu ukafa ganzi au vidole vikakataa kujongea, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo, kwa sababu shinikizo la damu iliyofungiwa ndani linaweza kuua msuli. Na mguu uliovimba bila pigo lolote usikandwe na mtu. Inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa.

Mwaka jana, uwanja uleule, nikapigwa tena. Paja la kushoto. Sauti ileile, ganzi ileile. Nikainua mkono kabla mwamuzi hajapuliza, nikatoka nje kwa mguu mmoja, nikakaa kwenye nyasi na kuikunja miguu yote miwili, ya kulia kwa mazoea na ya kushoto polepole mpaka iliposimama yenyewe. Nikatoa bandeji, nikazungusha kuanzia paja hadi ugoko nikiwa nimekunja hivyo, mfuko wa barafu ndani yake. Kaka alikuwa ameshafika, ameinama, kifuniko cha chupa ya dawa kipo tayari mkononi.

“Acha nikuguse kidogo tu,” akasema. “Kabla haijaganda.”

“Kaka, weka chupa chini. Nishikie huu mwisho wa bandeji.”

Akaniangalia, akaangalia paja, akaweka chupa. Alinishikia kweli, kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Mpira ukatoka nje ukaja ukasimama hatua mbili kutoka pale nilipokaa, na wachezaji wote wakapaza sauti niurudishe.

“Njooni mchukue wenyewe,” nikawaambia.

Siku ya nne goti lilikunja lote. Nilipima kwa rula.